Vitabu vya Mwalimu Mwajabu Vilivyokataa Kufunguka

Mwalimu Mwajabu Ramadhani alikuwa na vitabu ishirini na tatu ambavyo usingevikuta kwenye duka lolote la vitabu Dodoma. Alivichapa mwenyewe, neno kwa neno, kwa miaka tisa, ili watoto wasioona wa shule yake wasome kwa vidole kile ambacho wenzao walikisoma kwa macho. Shule ilikuwa pembezoni mwa Nkuhungu, na kitengo chake kilikuwa chumba kimoja tu: meza mbili, kabati la chuma, kompyuta moja, na mashine kubwa ya kijivu ya kuchapa nukta nundu ambayo ikianza kazi ilipiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati.

Kwao ni Kolo, kule kwenye milima ya Kondoa. Alianza kazi kama mwalimu wa kawaida wa Maarifa ya Jamii. Mwaka wake wa tatu akapangiwa darasa lenye mtoto asiyeona, naye mtoto yule alikaa muhula mzima ameinamia dawati kwa kuwa hakuna aliyejua afanye naye nini. Mwajabu hakupenda alichokiona. Akaomba kwenda kusomea elimu maalumu, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, mara ya tatu wakamruhusu ili wapumzike. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini jambo likimkera hakuliacha mpaka liishe.

Mashine ile na kompyuta yake zililetwa na mradi fulani ambao siku hizi haupo. Pamoja nazo ilikuja programu ya kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu. Unachapa ukurasa, programu inaugeuza, mashine inatoboa karatasi nene, mtoto anasoma. Nukta zikisomwa mwaka mzima hulala, hivyo kila darasa jipya lilichapiwa nakala zake upya. Programu ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na kila kitabu ilikihifadhi kwa namna yake yenyewe, namna ambayo programu nyingine haikuijua. Jambo hilo Mwajabu hakuwahi kulifikiria. Nani hufikiria kitasa wakati mlango unafunguka kila siku?

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya Juni, kompyuta haikuamka. Ilizungusha kiduara chake asubuhi nzima, ikazimika. Mwajabu akaifunga kwa khanga, akaipakata kwenye bajaji mpaka Majengo, kwa fundi mmoja aliyesifiwa na walimu wenzake.

Fundi huyo aliitwa Emiliana, mwanamke wa miaka kama arobaini, Mgogo wa Hombolo. Kibanda chake kilikuwa kati ya muuza mtama na muuza karanga, hivyo kila kompyuta aliyoifungua ilikuwa na vumbi la aina mbili. Akaisikiliza mashine kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Diski imekufa nusu, Mwalimu," akasema. "Mafaili nitayaokoa. Njoo Alhamisi."

Alhamisi akamkabidhi kompyuta ikiwa imefutwa hata vumbi. "Diski mpya, na mafaili yako yote yamo. Windows za siku hizi zinaikataa mashine hii, ni ya zamani mno. Nimekuwekea mfumo mwingine, Linux. Ni ya bure, na virusi haviisumbui."

Mwajabu akashukuru kama mtu anayeambiwa gari lake limebadilishwa oili. Akarudi shuleni, akaiwasha, ikawaka haraka kuliko siku zote. Vitabu vyake vyote ishirini na tatu vilikuwa pale. Akabofya kitabu cha Sayansi na Teknolojia cha darasa la saba. Kompyuta ikamuuliza angependa kukifungua kwa programu gani.

Akaitafuta programu yake, hakuiona. Akatoa CD ya mradi kutoka kabatini, akaitumbukiza, akabofya faili la kuanzia. Kompyuta ikamjibu kwamba haijui hicho ni kitu gani.

Mwalimu Eliakimu alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Alikuwa haoni tangu utotoni, alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na kazi yake ilikuwa kusoma kila ukurasa uliotoka kwenye mashine kabla haujamfikia mtoto.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema haijui."

"Haijui nini?"

"Chochote tulichofanya miaka tisa."

Mzee akahesabu miezi kwa vidole. "Na Septemba darasa la saba wana mtihani," akasema.

Kesho yake Mwajabu alikuwa Majengo kabla muuza mtama hajafungua magunia. Emiliana alipofika na ufunguo mkononi alimkuta amesimama mlangoni.

"Umenirudishia nyumba nzuri, umebadilisha kitasa, ufunguo hukunipa," Mwajabu akasema. "Uliniuliza kompyuta hii inafanya kazi gani?"

Emiliana akafungua mdomo ajitetee, akaghairi. "Sikuuliza."

"Ungeuliza, ningekwambia."

"Kweli, Mwalimu. Nilidhani ni ya kuandikia barua na kujumlisha maksi. Kosa ni langu."

Kukubali kosa upesi hivyo kulimnyima Mwajabu mahali pa kumwagia hasira aliyokuja nayo, nayo ikabaki imejaa kifuani. "Basi nirudishie Windows yangu."

"Diski ya ile ya zamani mnayo?"

Hawakuwa nayo. Watu wa mradi waliondoka nayo.

"Basi kuna njia moja nyingine," Emiliana akasema huku akivuta kigoda. "Kuna kitu kinaitwa Wine."

Mwajabu, ambaye hata mtindi uliolala sana aliutilia shaka, akamtazama. "Waini? Kwenye kompyuta ya shule?"

"Ni jina tu, Mwalimu. Sisi Hombolo tunalima zabibu, na mimi nilicheka nilipolisikia mara ya kwanza. Chukulia ni mkalimani. Programu ya Windows inaomba kitu kwa lugha yake, huyu katikati anageuza, Linux inaelewa na kutoa. Programu haijui kwamba iko ugenini."

"Na mkalimani wako anaweza nukta nundu?"

"Nimemtumia kwa programu ya duka la dawa na ya kuchora ramani za nyumba. Kwa mashine kama yako sijawahi. Siwezi kukudanganya."

Wakakubaliana Emiliana aende shuleni Jumamosi ya wiki iliyofuata. Lakini Mwajabu hakuwa mtu wa kukaa na kusubiri Jumamosi. Nyuma ya kasha la CD palikuwa na namba ya kampuni iliyouza programu ile, akapiga. Alipokea kijana mmoja wa Dar es Salaam, mpole wa sauti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hilo ni toleo la zamani, sapoti yake iliisha," akasema. "Na Linux sisi hatuihudumii kabisa. Mnunue kompyuta mpya na toleo jipya."

"Toleo jipya litafungua vitabu vyangu?"

Alisikia vidole vikibonyeza. "Vya toleo hilo, hapana. Havisomeki."

"Kwa hiyo?"

"Itabidi mchape upya."

"Nani achape upya?"

"Ninyi, mama."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma. Mwajabu alikata simu, akakaa akiitazama mikono yake. Maneno yale yalikuwa ya vitabu vya serikali. Watoto walikuwa wa wazazi wao. Vidole vilivyochapa vilikuwa vyake, Jumamosi na likizo, mpaka viungo vikauma. Sasa ufunguo wa yote hayo ulikuwa mfukoni mwa mtu ambaye hajawahi kutia mguu Nkuhungu, naye hata hakuutumia. Alikuwa ameutupa tu, na kumwambia mwenye nyumba ajenge nyingine.

Alhamisi iliyofuata mwalimu mkuu, Filipo, alimwandikia barua ya kuomba msaada, naye akaipeleka mwenyewe Mtumba, kwenye mji wa serikali. Katika ofisi moja ya huko, ghorofa ya tatu, akaelekezwa kwa ofisa aliyeshughulikia vifaa, Optatus, kijana nadhifu aliyesimama kumwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu uketi."

"Marahaba."

Optatus akaisoma barua, akafungua jedwali kwenye kompyuta yake. "Watoto wasioona mnao wangapi?"

"Kumi na wanane. Saba wako darasa la saba."

"Saba tu," akasema, akaandika.

Mwajabu alisubiri amalize kuandika. "Umesema saba tu. Wewe mwenyewe nyumbani uko wangapi?"

Optatus akainua uso, hakuelewa.

"Uko mmoja," Mwajabu akasema. "Na mama yako hakusema mmoja tu."

Kijana akatabasamu kwa haya, lakini jedwali halikuwa na safu ya kuandikia maneno kama hayo. Akamweleza kwamba kompyuta mpya ziko kwenye mpango wa mwaka ujao wa fedha, na kwa wakati huu watoto wasomewe na wenzao. Kisha akaongeza, kana kwamba anampa habari njema, kwamba kompyuta ile na mashine yake vitaingizwa kwenye orodha ya vifaa chakavu, na gari litapita kuvichukua ili chumba kipate nafasi.

"Mashine ya kuchapa ni nzima," Mwajabu akasema.

"Lakini kwenye orodha iko pamoja na kompyuta. Ni seti moja."

"Kwa hiyo mke akifa, mume naye mnamzika?"

Ofisa wa meza ya jirani akacheka, akajifanya anakohoa. Optatus hakucheka. Alisema ndivyo utaratibu ulivyo, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Wasomewe na wenzao. Mwajabu alijua maana ya jambo hilo, na kama asingeijua, angeijua siku iliyofuata. Alipita nyuma ya darasa la saba wakati wa kipindi cha sayansi. Jenifa, msichana wa Bahi aliyekuwa mwepesi kuliko wote wa kitengo, alikuwa anasomewa na jirani yake wa dawati, mtoto mwema tu aliyetaka kumaliza upesi.

"Hapa kuna mchoro," msomaji akasema, akafunua ukurasa.

"Mchoro wa nini?" Jenifa akauliza.

"Wa moyo."

"Unaonyesha nini?"

"Mishale."

"Inatoka wapi kwenda wapi?"

"Ni mingi. Tuendelee."

Jenifa akashusha mikono yake juu ya dawati, ikakaa pale haina kazi. Mwajabu akaondoka. Katika kitabu chake mchoro ule wa moyo aliueleza kwa kurasa mbili, kila mshale na njia yake, na Mwalimu Eliakimu alimrudisha mara nne mpaka damu ikapita mahali pake. Kurasa hizo zilikuwa mita ishirini kutoka pale alipoketi Jenifa, ndani ya kompyuta, nzima kabisa, na hakuna aliyeweza kuzitoa.

Jumamosi Emiliana alifika kwa bodaboda, upepo wa Julai umempaka vumbi mpaka nyusi. "Mbukwenyi," akamwamkia Mwalimu Eliakimu kwa Kigogo, na mzee akaitika kwa furaha, maana shuleni pale wengi walimwamkia Kiswahili tu. Kisha akaketi mbele ya kompyuta.

Kazi haikwenda kama alivyotarajia. Mwanzoni programu ilikataa kabisa kuingia. Emiliana akasoma maneno ya kosa, akatikisa kichwa. "Programu yenu ni ya zamani. Mkalimani niliyemweka anajua lugha ya kompyuta za sasa tu. Ngoja nimwongezee ile ya zamani." Akashusha vitu kutoka mtandaoni kwa simu yake, mtandao ukivuta kama punda mlimani. Saa sita mchana programu ikakubali kuingia, ikaomba namba ya kasha la CD, Mwajabu akaisoma, ikapokea. Dirisha likafunguka. Ndani yake, badala ya herufi, vilijaa viboksi vitupu.

"Imefunguka?" Eliakimu akauliza.

"Imefunguka," Mwajabu akasema. "Lakini imekuwa kama wewe. Ina kitabu mbele yake na haioni."

Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Emiliana alieleza kwamba herufi zilizotumiwa na programu hazikuwemo, akazitafuta, akazinakili. Alipofunga programu na kuifungua tena, kitabu cha sayansi kilikuwa pale, na Mwajabu akasoma kwa sauti mstari wa kwanza, taratibu, kama mtu anayehakikisha jina lake kwenye orodha ya waliopona.

Wakafurahi mapema mno. Walipoiambia programu ichape kurasa mbili za kujaribu, mashine ilinguruma, ikatoboa ukurasa, ukurasa wa pili, wa tatu, wa tano, kurasa mbili zikawa hazikomi. Mwajabu akazima swichi ukutani. Eliakimu akachukua karatasi ya kwanza, akapitisha vidole.

"Alama ya asilimia," akasema. "Alama ya mshangao. P. S. Kisha Kiingereza. Kisha namba, namba, namba." Akaiweka mezani. "Hii barua si yetu. Imekosea mtu."

Emiliana hakujua tatizo ni nini, na alisema hivyo. Akaondoka jioni uso umemwanguka. Mwajabu alibaki na karatasi nene zilizoharibika mkononi, karatasi ambazo hupatikana kwa kuombwa, akahisi hasira ikipanda upya. Hakumkasirikia Emiliana. Alikuwa amemwona mtu akitoa jasho siku nzima kwa jambo ambalo waliolitengeneza wangelimaliza kwa simu moja. Wale wenye ujuzi walikuwa na utaratibu, na asiye na wajibu wowote ndiye aliyekuja na vumbi usoni.

Akaichukua ile hasira, akaiandika. Barua yake kwa ofisi ya Mtumba ilikuwa na mistari kumi na minane na haikuwa na neno "naomba" hata moja. Aliuliza maswali matatu: kwa nini programu ya kusomea watoto ilinunuliwa bila mtu kuuliza vitabu vitafungukaje programu ikifa, nani atalipa miaka tisa ya kuchapa upya, na kwa nini mashine nzima iitwe chakavu. Mwalimu mkuu Filipo aliisoma mara mbili, akasema ni kali, akaigonga muhuri.

Emiliana naye hakulala kwenye jambo hilo. Aliuliza kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni, na mtu mmoja wa Brazili, asiyemjua, aliyekuwa na mashine ya aina hiyohiyo, akamjibu. Jumamosi ya pili alifika anatembea haraka.

"Nimejua," akasema kabla hajaketi. "Linux ilidhani mashine yenu ni printa ya kawaida. Kila ukurasa ikaupamba kwanza, ukubwa wa herufi, pambizo, rangi, ndipo ikautuma. Mashine yenu haijui mapambo. Ikatoboa mapambo yenyewe kana kwamba ni maneno."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tusipite hapo. Programu yenu tangu zamani inautafuta mlango mmoja unaoitwa LPT1. Kwa Windows mlango huo una jina hilo. Hapa upo uleule, kwenye waya uleule, ila una jina lingine. Namwonyesha mkalimani: ukiambiwa LPT1, ni huu hapa. Maneno yapite moja kwa moja, yasiguswe na mtu."

Aliandika mstari mmoja tu. Mashine ikakaa kimya. Akasoma tena, akagundua kwamba kompyuta haikumpa Mwajabu ruhusa ya kuutumia mlango ule. Akamwandikia ruhusa, akazima, akawasha. Mwajabu akabofya mwenyewe.

Mashine ilinguruma, ikatoboa kurasa mbili, ikanyamaza. Mwalimu Eliakimu akanyoosha mkono, akapewa. Alisoma kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida, kidole cha kushoto kikitangulia na cha kulia kikifuata, na wanawake wawili wakimtazama uso.

"Mstari wa tisa," akasema hatimaye. "Neno 'ng'ombe' limepoteza ritifaa yake. Lilikuwa hivyo hata zamani?"

Mwajabu akatazama kwenye kompyuta. Lilikuwa hivyo hata zamani. Lilikuwa kosa lake mwenyewe, la miaka sita iliyopita.

"Basi imepona," mzee akasema. "Maana inakosea palepale ulipokosea wewe."

Gari lilikuja Jumanne. Optatus alishuka na dereva na karatasi za kusaini, akamwamkia kila mtu vizuri. Emiliana alikuwa Majengo kwenye kazi zake. Mwajabu akamkaribisha ndani ya kitengo, mashine ikiwa katikati ya kitabu, kelele yake imejaa chumba. Optatus akalazimika kupaza sauti.

"Kumbe inafanya kazi?"

"Nilikwambia ni nzima."

"Mmepata Windows?"

"Hatukupata. Fundi wa Majengo amefanya kile ambacho mliniambia kitafanyika mwaka ujao wa fedha."

Optatus akaizunguka meza, akatazama kioo. Alikuwa mtu wa kompyuta, na kwa kitambo kidogo aliacha kuwa ofisa: aliinama, akauliza maswali mawili ya kifundi, akasema "Ahaa" taratibu. Kisha akaikumbuka karatasi yake. "Tatizo ni kwamba mfumo huu hauko kwenye orodha ya mifumo iliyoidhinishwa. Na vifaa hivi tayari nimeviandika."

"Uliviandika kabla ya kuviona," Mwajabu akasema. Hakupaza sauti, akasubiri mashine imalize ukurasa ili kila neno lisikike. "Mimi sikukataza mtu kuandika. Nakataza watoto kuibiwa vitabu mara mbili. Mara ya kwanza walioviiba ni wale waliotengeneza programu. Wa pili msiwe ninyi. Kama unataka kuichukua, ichomoe wewe mwenyewe, sasa hivi, kitabu kikiwa nusu. Mimi sitakushikia hata waya."

Dereva akatazama nje. Mwalimu Eliakimu, aliyekuwa akisoma kurasa pembeni, hakuinua kichwa, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Optatus hakuchomoa. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akaandika kwamba uchukuaji wa vifaa vya kitengo umeahirishwa mpaka itakapotangazwa. Kisha, kwa kuwa gari haliwezi kurudi tupu wakati safari imeidhinishwa, aliulizia kama shule ina kitu kingine kibovu. Filipo akampa mashine ya fotokopi iliyokuwa stoo tangu enzi za mwalimu mkuu aliyemtangulia, na dereva akaipakia kwa shukrani.

Mwajabu alimwangalia akiondoka, na hakuona kwamba ameshinda. Kitu kilichopaswa kuwa haki alikipata kwa kuwa ofisa mmoja aliona haya siku moja. Angekuja ofisa mwingine asiyeona haya, ingekuwaje? Kwenye shule ambayo mwalimu wake ni mpole, au hana fundi wa Majengo, ilikuwaje?

Mwezi wote wa Agosti mashine haikupumzika. Darasa la saba walipata sayansi kwanza, kisha uraia, kisha hisabati. Jenifa alipofika kwenye moyo alisoma kurasa zile mbili, akazirudia, akamwendea Mwajabu kumwambia kwamba mshale mmoja haujasema unaishia wapi. Alikuwa sahihi. Wakaurekebisha pamoja, na Eliakimu akakasirika kidogo kwamba ulimpita mara zote nne.

Wakati huohuo Mwajabu alikuwa na kazi nyingine, aliyofundishwa na Emiliana. Kila kitabu alichokifungua alikihifadhi upya kama maandishi ya kawaida, matupu, yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha akajaribu kuyageuza kuwa nukta nundu kwa programu ya bure ya Linux yenyewe, bila mkalimani. Vitabu vingi vilikubali. Cha hisabati cha darasa la sita majedwali yake yalivurugika yote, akalazimika kuchapa upya kurasa arobaini, na kila ukurasa aliuchapa akimkumbuka yule kijana mpole wa Dar es Salaam. Kufikia mwisho wa Oktoba vitabu vyote ishirini na tatu vilikuwa vimetoka kifungoni. Nakala moja alimpa Emiliana, nyingine akaipeleka Kondoa kwa ndugu yake Rukia, anayefundisha huko, na nyingine akaikabidhi kwa kila mwalimu aliyeiomba, bila kuuliza ni wa wapi.

Matokeo yalipotoka, watano kati ya saba walichaguliwa kuendelea na sekondari, Jenifa akiwa mmoja wao. Wawili hawakuchaguliwa. Watu walimpongeza Mwajabu kwa wale watano. Yeye aliwafikiria wale wawili, na zile wiki walizokaa bila vitabu wakisomewa mishale, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani kwamba wiki hizo zilikuwa na mkono wao katika jambo lile.

Jibu la barua yake lilikuja Desemba. Lilikuwa na muhuri mzuri na kumbukumbu namba ndefu. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni mwa kitengo, akalikunja.

"Wanasemaje?" Mwalimu Eliakimu akauliza.

"Wanasema wamepokea maoni yetu."

"Na yale maswali matatu?"

"Hawakuyagusa. Wanatushukuru kwa uvumilivu."

"Nani aliyevumilia?"

"Hata mimi nashangaa," Mwajabu akasema. Akavuta kiti, akachukua karatasi safi, akaanza kuandika barua ya pili.